Saa ya Daktari wa Ng'ombe

Siku lava ilipoingia Goma, baba yangu aliokoa saa za mkono thelathini na moja, zote za wateja, akaacha ukutani picha ya pekee ya kaka yangu aliyefariki. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sasa nimepita arobaini, naishi Gisenyi, na kazi yangu ni ileile ya baba: nina meza ya kutengenezea saa karibu na soko, ingawa wengi wanaosimama mbele yangu siku hizi wanataka kubadilishiwa kioo cha simu.

Nyumba yetu ya Goma ilikuwa ya vyumba vitatu, na cha mbele kilikuwa karakana ya baba. Alikuwa na jina mjini. Wafanyabiashara wa kahawa walimletea saa zao, na mapadri, na wazee waliokuwa wameachiwa saa na wazungu wa mashamba walipokuwa wakiondoka. Ndiyo maana fundi ambaye hakuwahi kupanda ndege aliweza kushika kwa mikono yake saa ambazo watu wa Ulaya huzitazama nyuma ya vioo.

Mchana ule mama alikuwa kanisani na wanawake wenzake. Ardhi ilikuwa imetikisika tangu asubuhi, na barabara ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Baba hakupiga kelele. Alifungua droo, akatoa saa moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imefungwa kwenye karatasi yenye jina la mwenyewe, akazitia katika mfuko wa kitambaa. Mfuko akanivika shingoni, chini ya sweta. Yeye akabeba sanduku la vyombo.

"Usiuvue," aliniambia. "Hata ukiulizwa na askari, usiuvue."

Mlangoni niligeuka. Niliiona picha. Kaka yangu alipigwa picha ile miezi michache kabla ya surua kumchukua, akiwa na miaka minne, ameketi kwenye kiti cha studio na viatu vyake havifiki sakafuni. Hatua nne tu zingenifikisha. Lakini nilidhani tungerudi jioni, na baba alikuwa amekwisha kunishika mkono. Tukaondoka.

Tulivuka pamoja na umati pale Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa kuingilia Rwanda. Mama tulimpata kabla jua halijazama, katika uwanja wa parokia moja ya Gisenyi, ameketi juu ya kanga aliyoitandika chini. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, nami nayaandika maneno yao kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Mmeleta nini?" mama aliuliza.

Baba akamwonyesha sanduku. Nami nikautoa mfuko.

"Na picha ya mtoto?"

Baba akainama kukaza kamba ya sanduku.

"Nauliza, picha ya mtoto iko wapi?"

"Nilibeba vya watu," baba alisema. "Watu waliniachia mimi."

"Na mimi sikukuachia kitu?"

Mama hakungoja jibu. Alinitazama mimi, akautazama mfuko uliokuwa mkononi mwangu, kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Baada ya siku chache baba alivuka kwenda kuona. Aliporudi alituambia kwamba mtaa wetu umekuwa jiwe jeusi ambalo bado linatoa moshi, na kwamba kilichobaki cha nyumba ni ncha moja ya bati. Hatukurudi tena Goma. Ukoo wetu ulikuwa umetoka Rwanda zamani, na shangazi yangu wa Nyakiriba, karibu na Gisenyi, alitupa chumba, tukaanza upya huku.

Asubuhi baada ya kurudi kutoka Goma, baba alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa Kiswahili na Kifaransa kwamba fundi saa yuko hai na saa za watu ni nzima. Akaenda kukaa karibu na mpaka, penye wapita njia wengi, katoni ikiwa mbele ya magoti yake. Alikaa pale wiki nyingi. Kila aliyekuja kudai saa aliulizwa swali moja: "Niambie kitu cha saa yako ambacho mwizi hawezi kukijua."

Mmoja alisema saa yake imekwaruzwa karibu na namba sita, kwa sababu mkewe aliiangusha siku ya harusi. Padri mmoja alisema yake hukimbia kwa dakika mbili kila wiki na hataki irekebishwe, kwa kuwa humsaidia kuwahi misa. Mama mmoja hakuweza kusema lolote. Aliisikia saa ya mumewe ikipiga ndani ya karatasi, akaanza kulia, na baba akampa bila swali. Kabla ya miaka miwili kuisha, saa thelathini zilikuwa zimeondoka. Ikabaki moja.

Karatasi ya saa hiyo ilikuwa na jina la mzee mmoja, na chini yake maneno "daktari wa mifugo". Baba aliuliza habari zake kwa kila mtu. Wote walimpa jibu moja: asubuhi ya siku ile mzee alikwenda Kibumba kutibu ng'ombe, lava ikapita katikati yake na mji, na hakuonekana tena. Nyumba yake nayo ilikuwa imefunikwa. Alikuwa na binti aliyeolewa, lakini hakuna aliyejua aliolewa wapi.

"Basi amekufa," mama alisema.

"Aliyekufa ana watoto," baba alijibu, akairudisha saa kwenye karatasi yake.

Nitaieleza saa hiyo, ila jina la nyumba iliyoitengeneza sitalitaja, maana sitaki mtu aliyesoma hapa apande milimani kuitafuta. Ilitengenezwa Geneva katika miaka ambayo babu zetu walikuwa vijana. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, uso wake mweupe kama maziwa yaliyolala. Ilikuwa kronografu, yaani saa yenye mshale mmoja mrefu wa ziada ambao huanzishwa na kusimamishwa kwa kitufe, wa kupimia muda. Na pembeni ya uso, kuzunguka pote, palikuwa na namba nyekundu na maneno madogo ya Kifaransa kuhusu mapigo ya mshipa. Ilikuwa saa ya madaktari. Daktari hubonyeza kitufe, huhesabu mapigo thelathini ya mgonjwa, hubonyeza tena, na pale mshale mrefu uliposimama panamwonyesha mapigo ya dakika nzima. Mzee aliileta kwa baba kwa sababu mshale huo ulikuwa umeacha kurudi kwenye sifuri. Baba alikuwa amekwisha kuutengeneza wiki moja kabla ya lava.

Kazi nilifundishwa kwa saa za bei nafuu, zile za sokoni. Nilizivunja nyingi. Ile ya dhahabu sikuruhusiwa kuigusa kwa miaka minne. Siku baba alipoona mikono yangu imetulia, aliniita mezani, akafungua mfuniko wa nyuma, akanipa lenzi ya kubana jichoni.

"Tazama pembe za vile vyuma," alisema. "Unaona nini?"

"Zimechongwa. Zinang'aa."

"Nani ataziona?"

"Hakuna. Zimefunikwa."

"Fundi mwingine ataziona. Yule wa Geneva alijua kwamba siku moja mtu kama wewe ataifungua. Alikusafishia."

Tangu siku hiyo alinisimulia habari za saa kama watu wengine wanavyosimulia habari za ukoo. Aliniambia kwamba zamani mwanaume aliyevaa saa mkononi alichekwa, kwa sababu saa ya mkono ilikuwa pambo la wanawake, na wanaume waliweka zao mfukoni kwa mnyororo. Vita kuu ya kwanza ndiyo iliyowabadilisha. Askari aliyelala kwenye handaki na bunduki mikononi hakuweza kutafuta saa mfukoni, basi akaifunga mkononi kwa ngozi, na waliorudi hai walirudi nazo. Aliniambia juu ya saa ya kwanza kujulikana duniani kote kuwa haiingii maji: msichana wa Kiingereza aliivaa akiogelea katika bahari ya baridi kali, akatolewa humo karibu azirai, saa ikiwa bado inatembea, na mwenye kampuni akaitangaza kwenye gazeti. Aliniambia juu ya zile zinazojitia ufunguo zenyewe kwa mkono kutembea, na juu ya kronografu moja ya chuma, ya kutia ufunguo kwa vidole, iliyofika mwezini.

Habari aliyoipenda zaidi ilihusu fundi mmoja wa Uswisi. Wajapani walipoleta saa za betri, ambazo hazikosei na hazihitaji fundi, viwanda vya Uswisi vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine. Katika kiwanda kimoja wakubwa waliamuru mashine na vyombo vya kutengenezea kronografu viuzwe kama chuma chakavu. Fundi huyo hakutii. Kidogo kidogo alivibeba mpaka kwenye dari, akavipanga, akaandika kila kitu, akavifungia huko. Miaka ilipita. Watu walipoanza kuzitaka tena saa za zamani, kiwanda kilijikuta hakina njia ya kuzitengeneza, na yeye akawaonyesha mlango wa darini.

"Alipewa nini?" nilimwuliza baba.

"Nasikia walimpa saa," alisema, akacheka mwenyewe. Baba hakuwa mtu wa kucheka sana.

Mama hakuwahi kuitazama saa ile. Kwake haikuwa ya daktari wala ya Geneva. Kama ilikuwa mezani, alizunguka upande mwingine. Hakumgombeza baba tena kuhusu picha, wala mimi, lakini kila mwaka, siku ya kifo cha kaka yangu, alikuwa akikaa kimya mpaka jioni, na baba alikuwa akitoka mapema na kurudi akiwa amechelewa kusudi. Nami nilibaki na mama. Mara moja nilijaribu kusema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa mlangoni." Akanikatiza: "Ulikuwa mtoto. Yeye alikuwa baba."

Kisha betri zikatufikia na sisi, na baada ya betri zikaja simu. Watu waliacha kuvaa saa. Macho ya baba yalidhoofika, mimi nikawa ndiye ninayefungua saa na yeye ananisikiliza tu, akinieleza kwa sauti ya saa wapi penye kasoro. Halafu akaanza kukonda. Hospitalini walituambia ana uvimbe tumboni. Huko nje ya nchi, daktari alisema, kuna matibabu yanayoweza kumwongezea muda, lakini hakuahidi kitu.

Katika miezi hiyo alikuja mgeni kutoka Kigali. Alikuwa mtu wa makamo aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kizuri, na kazi yake ilikuwa kununua saa za kale. Mtu alimwambia juu ya fundi wa Gisenyi. Baba akamwonyesha ile ya dhahabu, kwa fahari tu, kama mtu anavyomwonyesha mgeni ng'ombe wake. Mgeni aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mzee," alisema mwishoni, "unajua hii ni nini? Zenye uso wa daktari walitengeneza chache mno. Wanaozikusanya wanazigombania. Niuzie, nami nakuhakikishia utatibiwa popote duniani unapotaka."

"Ningeuza kama ingekuwa yangu," baba alisema.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Namtafuta."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi. Aliiweka chini. Mgeni alipoondoka, alisema maneno ambayo bado nayasikia.

"Mtu huyu amekufa. Kila mtu wa Goma amekuambia kwamba amekufa. Uliacha mtoto wangu afe mara ya pili kwa ajili ya saa yake. Sasa unataka na wewe ufe kwa ajili yake?"

"Sitaki kufa," baba alisema.

"Basi uza."

"Nikiuza, nitakuwa nilikimbia na mali za watu."

Mama akanigeukia. "Mwambie. Wewe anakusikia."

Sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilimpenda baba kuliko kitu chochote, na nilikuwa na namba ya yule mgeni kwenye simu yangu. Siku mbili nilitembea ufukweni mwa ziwa na namba hiyo, nikawa naifungua na kuifunga. Nilijua kwamba nikiuza kwa siri angejua kwa kusikiliza droo tu. Na nilijua pia kwamba huenda angeishi. Sikupiga. Baba alifariki nyumbani, baada ya mvua ndefu, mama akiwa amemshika miguu. Daktari alituambia baadaye kwamba ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali, kwamba safari isingebadilisha mengi. Mama alisikiliza kwa adabu, akamshukuru. Njiani aliniambia, "Mengi. Hakusema isingebadilisha chochote. Amesema mengi."

Baada ya msiba tuliishi nyumba moja kwa miaka kama wageni wawili wenye heshima. Kisha akahamia Nyakiriba, kwenye shamba dogo aliloachiwa na shangazi, nami nikabaki mjini.

Nikaamua kumtafuta mwenye saa kwa njia yangu. Baba alikuwa amewauliza wanaume: makarani, mapadri, wenye maduka. Mimi nikawauliza wanawake wanaovuka Petite Barrière kila siku na vitunguu, karoti na unga, kwa sababu wao wanajua nani ameolewa wapi. Niliuliza kwa mwaka mzima na zaidi. Siku moja muuza vitunguu mmoja, mteja wangu wa vioo vya simu, aliniletea saa ya ukutani ya kanisa lao. Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote.

"Ule muzee daktari ya ngombe?" alisema. "Mi namujua. Alitibiaka ngombe ya babu yangu. Alishakufa, ni zamani."

"Kwa lava?"

"Hapana! Lava haikumupata. Alikimbilia kwa mutoto yake mwanamuke, kule Bugeshi. Ni kule alikufia. Mutoto iko, analima viazi."

Bugeshi. Ni huku huku Rwanda: kutoka mezani kwangu, ukiwa na pikipiki, unafika kabla chai uliyoiacha haijapoa sana. Nilimwomba muuza vitunguu akae, nikamwuliza tena, akarudia vilevile.

Nilipanda siku iliyofuata, saa ikiwa shingoni chini ya sweta. Kule juu ni baridi, ukungu unashuka kutoka volkano mpaka kwenye mifereji ya viazi. Niliulizia, nikaelekezwa kwa mama mmoja wa miaka sitini hivi, mrefu, aliyevaa buti za mpira, akikata majani ya ng'ombe. Nilimsalimu, nikamwambia mimi ni fundi saa wa Gisenyi na baba yangu alikuwa fundi wa Goma. Panga likasimama hewani.

"Fundi gani wa Goma?"

Nikamtajia mtaa.

"Hapana, ule fundi aliungua," alisema. "Papa alituambia. Alienda Goma kumutafuta, wakamuambia fundi alirudi ndani kuchukua vyombo yake, na lava ikamufunika."

"Hakuungua. Alivuka nami. Aliishi Gisenyi mpaka alipofariki kwa ugonjwa."

Akaketi pale pale juu ya majani.  Kisha nikamwuliza swali la baba, kwa sababu sikujiona nina haki ya kuliruka.

"Mama, unisamehe. Niambie kitu cha saa ya mzee ambacho mwizi hawezi kukijua."

Alifikiri. "Sijui vitu ya saa," alisema. "Mi nilikuwa mutoto. Nilikuwa namushikia ngombe mukia." Akanyoosha mkono wake wa kushoto kama ameshika kitu. "Yeye anaweka vidole hapa, chini ya mukia, kwenye mushipa. Anabonyeza, tac. Anahesabu mpaka makumi tatu. Anabonyeza tena. Kisha ananiambia, 'Soma ile namba ya rangi nyekundu.' Ni vile nilijifunza kusoma namba, mbele ya kuanza masomo."

Nilifungua karatasi, nikaiweka saa kiganjani mwake. Hakuivaa. Alibonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu ukaanza kutembea. Akabonyeza, ukasimama. Akabonyeza cha chini, ukaruka kurudi kwenye sifuri.

"Imerudi," alisema. "Papa alisema ilikataa kurudi."

"Baba aliitengeneza kabla ya lava."

Ndipo akalia, nami nikalia. Aliponyamaza alinieleza upande wao. Siku ile mzee alikuwa Kibumba kweli. Alipoona njia ya mji imekatika, alipita vijia vya mlimani mpaka Bugeshi kwa bintiye. Aliporudi Goma mara moja tu, katika wiki ileile ya lava, hakuuliza juu ya nyumba yake kwanza. Aliuliza juu ya fundi. Alipoambiwa ameungua akitafuta vyombo, aliamini kwamba alikuwa akitafuta saa yake. Alijilaumu mpaka siku ya kufa. Kila Jumapili alimwombea fundi wa Goma, na familia yake, kwa kuwa alidhani ni mjane na yatima kwa sababu yake.

Wazee wawili, milima michache katikati, na kila mmoja aliambiwa mwenzake amekufa.

Aliniuliza kwa nini hatukuiuza, maana hata yeye aliona ni dhahabu. Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza habari ya picha, ya mgeni wa Kigali, ya uvimbe. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na mwishoni aliuliza jambo moja tu: "Mama yako iko wapi?"

Mama huyo wa Bugeshi alikuja Nyakiriba baada ya majuma matatu, kwa gari la kubebea viazi, na nyuma ya gari palikuwa na mtamba mwekundu. Nilikuwa nimemwambia mama kila kitu, naye alikuwa ameendelea kumenya viazi. Sasa alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Huyu ni wako, mukecuru," alisema mama wa Bugeshi, akimwita bibi kwa Kinyarwanda. "Papa hangekubali nije mikono mitupu."

Kwetu ng'ombe hatolewi ovyo. Anayekupa ng'ombe amejifunga nawe, watoto wenu watakuwa ndugu. Mama alijua hilo kuliko sisi sote.

"Ng'ombe harudishi mtu," alisema.

"Hapana, harudishi."

"Nilimchukia baba yako miaka yote hii. Sikumjua hata sura."

"Yeye alikuombea bila kukujua sura," mama wa Bugeshi alisema. "Sasa mi sijui ni nani kati yenu alifanya vizuri. Lakini ngombe amechoka na gari. Tumushushe kwanza."

Mama alimtazama mnyama. Mtamba alikuwa akitetemeka kweli. Mama akaingia ndani, nikadhani amefunga mlango, lakini alirudi na ndoo ya maji. Walimshusha pamoja. Mama wa Bugeshi alikuwa amevaa saa mkononi, juu ya sweta, ikiwa na kamba mpya ya ngozi niliyomfungia mimi. Akaweka vidole chini ya mkia, akabonyeza. Mama alisimama karibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiiinamia saa ile na kuutazama uso wake.

"Ni ngapi?" aliuliza.

"Themanini na nne. Ni juu kidogo. Ni woga tu ya njia."

"Atulizwe," mama alisema, akaanza kumpapasa shingoni.

Simaanishi kwamba yote yalipona siku hiyo. Mama bado hasemi kwamba baba alifanya vizuri, nami simwombi aseme, kwa sababu mimi mwenyewe sijui. Zipo siku ninaamini kwamba baba ndiye mtu mwaminifu pekee niliyepata kumjua, na zipo siku ninafikiria ile namba ya simu. Yule mgeni wa Kigali alisikia habari, akapanda mpaka Bugeshi, akarudi bila saa. Aliniambia alimkuta mwenye saa zizini, dhahabu ikiwa imepakwa matope mpaka kwenye vitufe, yeye mgeni karibu apatwe na mshtuko wa moyo. Mimi sikushangaa. Kila baada ya muda mama wa Bugeshi huniletea, naifungua, naitoa vumbi la majani, naitia mafuta, namrudishia.

Mtamba amezaa msimu huu. Mama alituma habari Bugeshi kabla ya kunitumia mimi. Nilipofika Nyakiriba Jumapili baada ya misa, niliwakuta wawili hao wameketi kwenye ukuta wa mawe, miguu yao ikiwa na matope, wakibishana kama majani ya mwaka huu yanatosha kwa ng'ombe na ndama wake. Mama aliniambia nivue viatu vyangu vya mjini nikawasaidie kubeba.